Istilahi za Michezo ya Simu: Uhakiki wa Orodha Moja kutoka Tunduma

1. Utangulizi

Vijana watatu wa Tunduma, mkoani Songwe, waliandika barua kwa ofisi moja ya umma. Kichwa cha barua hiyo kilisema hivi: "Kuomba chumba cha kufundishia utengenezaji wa michezo ya kihuni yenye ramani za kubahatisha." Jibu lilikuja upesi. Waombaji walitakiwa wawasilishe kwanza leseni ya kuendesha michezo ya kubahatisha, na kwa maneno ya upole walikumbushwa kwamba majengo ya umma hayatumiki kwa mambo ya kihuni.

Vijana hao hawakuwa wahuni, wala hawakukusudia kuchezesha kamari. Walikuwa wakitengeneza michezo ya simu ya aina inayojulikana duniani kwa zaidi ya miaka 40, na walitaka kuwafundisha wenzao kuandika programu za kompyuta. Ofisi nayo haikukosea: ilisoma maneno kama yalivyoandikwa, ikayajibu kama sheria inavyoyaelewa. Kosa lilikuwa katika istilahi. Kila neno la kichwa kile laweza kutetewa kwa kamusi, lakini maneno yote kwa pamoja yalisema jambo ambalo waandishi wake hawakulikusudia kabisa.

Makala haya yanakusudia kuihakiki orodha ya istilahi 73 ambayo vijana hao waliitunga na kuiandika katika daftari la shule. Mwandishi alipelekewa nakala ya orodha hiyo, akaijibu kwa barua kutoka ofisini, kisha akaenda Tunduma kuisoma pamoja na watungaji wake. Kama itakavyoonekana, baadhi ya makosa yanayohakikiwa hapa ni ya mwandishi mwenyewe.

Yumkini msomaji atauliza kwa nini gazeti la istilahi lishughulike na michezo. Jibu ni kwamba istilahi huzaliwa mahali kazi inapofanyika. Tukingoja hadi kazi hiyo ipate heshima ndipo tuitafutie maneno, tutakuta maneno yamekwisha kupatikana, mazuri na mabaya yakiwa pamoja, na watu wamekwisha kuumia kwa yale mabaya.

2. Michezo yenyewe

Haifai kuhakiki istilahi bila kukijua kitu kinachotajwa. Asili ya michezo hii ni mchezo mmoja uitwao Rogue, uliotungwa na Michael Toy na Glenn Wichman huko California, Marekani, yapata mwaka 1980. Ken Arnold alijiunga nao baadaye. Mchezo huo haukuwa na picha. Kioo kilionyesha herufi na alama tu. Mchezaji aliwakilishwa na alama ya @, na maadui wake walikuwa wa aina 26, kila aina ikiwa na herufi yake kubwa kuanzia A hadi Z. Mchezaji huyo alishuka peke yake katika vyumba na shoroba zilizo chini ya ardhi, akiitafuta hirizi iitwayo ya Yendor, kisha alipaswa kurudi nayo juu akiwa hai.

Mambo manne yaliutofautisha mchezo huo na mingine. Kwanza, huchezwa kwa zamu: mchezaji asipotenda, adui naye hatendi. Pili, ramani ya vyumba hupangwa upya na kompyuta kila mchezo unapoanza, hivyo hakuna awezaye kuikariri. Tatu, mchezaji akifa, hapewi nafasi ya kurudi nyuma; huanza tena toka mwanzo. Nne, mambo mengi hufichwa hadi yajaribiwe: chumba ambacho hakijaingiwa hakionekani, na chupa ya dawa iliyookotwa haijulikani kama ni ya kuponya au ya kudhuru mpaka inywewe.

Mchezo huo ulizaa ukoo mkubwa. Moria ilitokea mwaka 1983, NetHack mwaka 1987, na Angband mwaka 1990. Mwaka 2008 watengenezaji waliokutana Berlin, Ujerumani, walijaribu kuandika sifa zinazoufanya mchezo uhesabiwe kuwa wa ukoo huo, na ubishi juu ya sifa hizo haujesha hadi leo. Katika simu, mchezo uliofungua njia ni Pixel Dungeon wa Oleg Dolya, uliotoka mwaka 2012. Msimbo wake ulitolewa baadaye uwe huria, na kutokana nao watu wengi wametunga michezo yao. Unaojulikana zaidi ni Shattered Pixel Dungeon wa Evan Debenham, ulioanza mwaka 2014.

Ni rahisi kuona kwa nini michezo ya namna hii imekubaliwa mahali kama Tunduma. Mji huu uko katika barabara kuu iendayo Zambia, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Ijapokuwa kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mwaka 2019, foleni ya malori haijawa jambo geni, na dereva, utingo, wakala wa forodha na muuza vocha wote wanajua maana ya kungoja. Mchezo wa zamu humngoja mchezaji: akiitwa kwenda kugonga muhuri, huiweka simu mfukoni, na akirudi hukuta zimwi limesimama palepale. Aidha, michezo hii haihitaji mtandao wakati wa kucheza, haili nafasi kubwa katika simu, na huchezwa kwa kidole gumba kimoja. Kwa mtengenezaji, faida ni kubwa zaidi. Hahitaji wachoraji wala wanamuziki ili aanze. Kinachohitajika ni hesabu, mantiki na uvumilivu. Mmoja wa vijana wale huandika msimbo wake kwenye simu yenyewe, kwa kuwa hana kompyuta.

3. Yaliyo mema katika orodha

Haki inatutaka tuanze na mema. Katika istilahi zile 73, mwandishi alikuta zaidi ya nusu zinafaa bila kuguswa, na nyingi za hizo hazikuandikwa kwa msaada wa kamusi. Mfuko wa vitu alivyookota mchezaji umeitwa begi. Viumbe wa kupigana nao wameitwa mazimwi, neno ambalo kila mtoto aliyesimuliwa hadithi analijua. Mpigo mmoja wa kila upande umeitwa zamu. Kushindwa kwa programu kufanya kazi yake kumeitwa hitilafu.

Neno linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni mbegu. Kompyuta haiwezi kupanga ramani mpya bila kuanzia mahali fulani. Huanza na namba moja, huipitisha katika hesabu ndefu, na matokeo ya hesabu hizo ndiyo yanayoamua chumba kiwe wapi na zimwi likae wapi. Namba hiyo ya kwanza vijana wameiita mbegu. Msomaji aijuaye lugha ya asili ya kazi hii atasema kwamba hiyo ni tafsiri sisisi. Ni kweli. Lakini tafsiri sisisi si kosa kwa kuwa ni sisisi. Huwa kosa pale taswira yake inapokuwa haina uhai katika Kiswahili. Mbegu ina uhai. Wachezaji wawili wakiingiza namba ileile, mmoja Tunduma na mwingine Vwawa, watapata ramani ileile, kama vile mbegu ya aina moja inavyoota mmea wa aina moja katika mashamba mawili. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo mara mbili.

Basi tunapata hapa kipimo cha kwanza: tafsiri ya moja kwa moja na ikubaliwe endapo taswira yake inafanya kazi ileile kwetu, na ikataliwe endapo inaleta maneno tu bila taswira.

4. Yasiyofaa

Kwa kipimo hicho, istilahi kadhaa za daftari zinaanguka.

Sifa ya kuchezwa kwa zamu iliandikwa "mchezo wenye msingi wa zamu". Maneno mawili ya katikati hayana kazi. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, limechezwa kwa zamu tangu enzi za mababu, wala hakuna mzee aliyewahi kuliita mchezo wenye msingi wa zamu. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, mchezo wa ukoo huohuo huitwa nsolo, na huko pia kila mtu hungoja zamu yake. Mchezo wa zamu unatosha.

Vyumba vya chini ya ardhi viliitwa "gereza". Kamusi ya lugha mbili hutoa neno hilo, maana zamani ngome za Ulaya zilikuwa na vifungo vya chini ya ardhi. Lakini mchezaji wa michezo hii hakufungwa. Ameingia kwa hiari yake kutafuta mali. Anayesoma "umeingia gerezani" atafikiri ameshindwa kabla hajaanza. Jambo la kushangaza ni kwamba vijana walipokuwa wakizungumza wao kwa wao hawakulitumia neno gereza hata mara moja. Walisema machimbo, na shimo moja waliliita duara, kama wasemavyo wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe na Chunya. Duara la mchimbaji ni la giza, linashuka, lina mali na lina hatari. Ni vigumu kupata neno linaloafiki zaidi. Walipoulizwa kwa nini hawakuliandika, walijibu kwamba waliliona ni la mtaani.

Kila hatua ya kushuka iliitwa "ghorofa". Hapa msomaji wa Kiswahili anakwama, kwa sababu ghorofa hupanda. Mchezaji "aliyefika ghorofa ya 5" tunamwona yuko juu dirishani, kumbe yuko chini sana. Neno kina linafaa: kina cha 5, kina cha 26. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mtu alivyo mbali na mwanga, na neno lenyewe linasema hivyo.

Sehemu ya ramani isiyoonekana iliitwa "ukungu wa vita". Hapana vita katika mchezo huu, bali mtu mmoja shimoni. Ukungu ni jambo la kweli sana katika milima ya Ileje wakati wa baridi, lakini chini ya ardhi hakuna ukungu, pana giza. Giza ni neno la siku zote, nalo ndilo linalotakiwa.

Istilahi iliyozua mjadala mrefu kuliko zote ni "kifo cha kudumu", yaani ile kanuni ya kutorudishiwa uhai. Neno hili lina kasoro ya maana. Katika Kiswahili, kifo kipi kisichodumu? Tafsiri imesema jambo ambalo kila mtu analijua, na imeliacha lile linalotakiwa kusemwa, yaani kwamba mchezaji hana akiba ya uhai. Mwandishi wa makala haya alipendekeza "uhai mmoja", akiwa ofisini kwake, na aliona fahari. Vijana waliisoma barua hiyo kwa heshima, kisha wakaeleza kwamba watoto wote waliowahi kucheza gemu katika vibanda vya mtaani huhesabu roho: "Nimebakiwa na roho mbili," "Nimemaliza roho zote." Mtu mgumu kufa husemwa ana roho ya paka. Kwa hiyo mchezo usiokuwa na akiba ni mchezo wa roho moja.

Mwandishi alitoa hoja kwamba roho moja hutumika pia kwa maana ya umoja na upendo. Alijibiwa kwamba hakuna atakayechanganya mahubiri na simu. Hoja hiyo ilimtosha.

5. Kubahatisha na nasibu

Sasa tuingie katika jambo lililoiharibu barua. Orodha ilitumia neno kubahatisha mahali 6: "ramani ya kubahatisha", "namba ya kubahatisha", "zimwi la kubahatisha" na kadhalika. Kwa kamusi peke yake hakuna kosa. Kubahatisha ni kufanya jambo bila hakika ya matokeo. Lakini istilahi haiishi katika kamusi peke yake. Nchini Tanzania, neno hilo limekwisha kuchukuliwa na sheria. Kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria hiyo kusimamia kamari, kasino, mashine za sarafu na ubashiri wa matokeo ya mechi. Mtumishi wa umma anayeliona neno mchezo na neno kubahatisha katika sentensi moja ana wajibu wa kuuliza leseni. Asipouliza, atalaumiwa.

Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Katika mchezo wa kubahatisha mtu huweka fedha au kitu chenye thamani, na matokeo asiyoyatawala humpa au humnyang'anya. Katika michezo tunayoihakiki hakuna dau wala malipo. Kompyuta hupanga ramani bila mchezaji kuijua mapema, basi. Baada ya hapo ushindi hutegemea akili yake. Ni kama karata baada ya kuchangwa: kuchanga karata si kamari, kamari ni fedha iliyo chini ya meza.

Ni neno gani basi litumike? Vijana walipendekeza mambo matatu, nasi tuliyapima moja moja.

La kwanza lilikuwa kuchanga, kutokana na karata: "ramani ya kuchangwa". Taswira yake ni nzuri, lakini katika maandishi kuchanga kumetawaliwa na michango ya harusi, misiba na madawati. Ramani ya kuchangwa ingedhaniwa kuwa ramani iliyonunuliwa kwa fedha za wananchi.

La pili lilikuwa kusuka, na nomino yake msuko. Kompyuta husuka vyumba na shoroba kama ukili unavyosukwa. Hili nalo lina uzuri wake, lakini msuko umekwisha kupewa kazi katika uhakiki wa fasihi, nao walimu wanaufundisha kwa maana ya mpangilio wa matukio katika hadithi. Michezo mingi ina hadithi pia. Mchezo mmoja utakuwa na misuko miwili ya maana tofauti.

La tatu lilikuwa nasibu. Walimu wa hisabati na takwimu wanalijua neno hili, maana husema sampuli nasibu na namba nasibu, wakimaanisha kitu kilichochaguliwa bila upendeleo wala mpango unaotabirika. Hilo ndilo hasa analolifanya mtengenezaji wa mchezo. Pingamizi lake ni kwamba bahati nasibu ni jina la mchezo wa tikiti na zawadi. Pingamizi hilo ni la kweli, ila si zito kama lile la kubahatisha, kwa sababu jina la mchezo wa tikiti ni maneno mawili yasiyotenganishwa. Nasibu ikisimama peke yake baada ya nomino, husimama upande wa hisabati. Ramani nasibu haimtishi mtu, na mwanafunzi atakayeiandika atakuwa amejifunza neno atakalolikuta tena darasani. Faida hii ya pili si ndogo. Istilahi inayounganisha mchezo na somo humfungulia kijana mlango ambao istilahi ya kujitenga humfungia.

Hiki ndicho kipimo cha pili: kabla neno halijapitishwa, na liulizwe kama kuna sheria, wizara au taaluma iliyokwisha kulimiliki. Wafanyao kazi ya istilahi, mwandishi akiwemo, wamezoea kuuliza iwapo neno ni sahihi. Ni mara chache tunauliza neno hilo lina mwenyewe.

6. Jina la jumla

Lipo bado swali la jina la aina nzima ya michezo. Katika lugha ya asili jina hilo limetokana na ule mchezo wa kwanza: ni michezo inayofanana na Rogue. Na kwa kuwa jina la mchezo huo lina maana ya mtu mjanja asiyefuata taratibu, vijana waliandika "michezo ya kihuni". Madhara yake tumekwisha kuyaona. Katika mji wa mpakani, ambamo neno mhuni halikosi kutajwa pamoja na magendo, kujiita hivyo ni kujishtaki.

Mwandishi, katika barua yake ya ofisini, alipendekeza "michezo ya kiayari". Ayari ni neno la zamani la Kiswahili kwa mtu mjanja na mdanganyifu, na katika masimulizi lina ladha ya werevu kuliko ya uovu. Lilikuwa pendekezo la kisomi, nalo lilishindwa kwa njia ya kisomi. Hakuna mtu Tunduma aliyelitambua. Wawili walidhani ni kosa la kupiga chapa na kwamba afisa alikusudia "michezo ya hiari". Neno la kale linaweza kufufuliwa, na limefufuliwa mara nyingi kwa mafanikio, lakini sharti liwe linajibu haja. Hapa haja haikuwepo, kwa sababu jina la mchezo wa kwanza halimweleza chochote Mtanzania ambaye hakuwahi kuuona. Hata waliobuni jina hilo wamelikuta limewapa taabu, kwani kila mchezo unaochukua sifa mbili na kuacha mbili huzua ubishi kama ni wa ukoo au si wa ukoo.

Lugha yetu hailazimiki kurithi ubishi huo. Inaweza kuutaja mchezo kwa sifa yake. Sifa iliyo dhahiri kwa mchezaji, na ambayo wachezaji wenyewe wamekwisha kuipa jina, ni ile ya kutorudishiwa uhai. Kwa hiyo inapendekezwa aina hii iitwe michezo ya roho moja. Mtu atakayesema kwamba ipo michezo mingine yenye sifa hiyo isiyokuwa ya ukoo huu atakuwa amesema kweli. Istilahi ya jumla haibebi fasili nzima. Inafungua mlango, na fasili huingia baadaye. Neno simu lilianza kwa waya, na leo simu ya mkononi haina waya, wala hakuna anayelalamika.

7. Istilahi na wenyewe

Tangu Baraza lilipoundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1967, na lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, tumejifunza kwamba kusanifisha ni kazi moja na kuenea ni kazi nyingine. Mfano wa kompyuta watosha. Nchini Kenya palikuwa na tarakilishi. Kwetu palikuwa na ngamizi. Maneno yote mawili yalifikiriwa vizuri, na katika shule za Kenya tarakilishi imepata makao. Hata hivyo, fundi wa Tunduma na karani wa Vwawa wote husema kompyuta.

Upande wa pili tunao mfano wa kishikwambi. Neno hilo lilichekwa na wengi lilipotoka. Lakini katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 makarani walikwenda nyumba hadi nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi, redio zikalitaja kila siku, na baada ya sensa vifaa hivyo wakapewa walimu. Leo neno hilo halichekwi. Kilicholiokoa hakikuwa uzuri wa muundo wake, bali kushikwa. Watu walikishika kifaa na neno kwa wakati mmoja.

Watengenezaji wa michezo wana fursa hiyohiyo. Mchezo wenye msimbo huria unaweza kuingizwa Kiswahili na yeyote, bila kuomba ruhusa ya kampuni, kama mradi wa Kilinux uliowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulivyofanya mwaka 2004 ulipotoa Jambo OpenOffice. Mchezaji atakayeliona neno kina mara 100 kwa siku moja hatahitaji kijitabu cha kumfundisha. Lakini nguvu hiyohiyo hueneza makosa. Laiti "ghorofa" ingaliingia katika mchezo unaopendwa, vizazi viwili vya watoto vingalishuka ghorofani.

Pana jambo jingine lililojitokeza Tunduma ambalo makala haya hayawezi kulinyamazia. Katika daftari lile maneno mabaya yalikuwa yale yaliyotolewa katika vitabu, na maneno mazuri kama duara, giza na roho yaliachwa nje kwa kuonewa haya. Vijana hao wanazungumza Kinyamwanga nyumbani, Kiswahili sokoni na kidogo Kibemba na Kiingereza ng'ambo huko Nakonde. Wana sikio la lugha kuliko wengi wetu. Hata hivyo, walipoandika "rasmi" walilitia pamba sikio hilo. Nani aliyewafundisha kwamba neno wanalolijua haliwezi kuwa istilahi? Sehemu ya lawama hiyo inatuangukia sisi walimu na maafisa wa lugha, ambao kwa miaka mingi tumelipa neno gumu heshima ya neno sahihi.

Tukumbuke kwamba neno bodaboda, ambalo leo liko katika sheria ndogo za miji na hotuba za mawaziri, lilizaliwa katika vinywa vya waendesha baiskeli wa mpakani mwa Kenya na Uganda. Hakuna kamati iliyolikaa. Mipaka huzaa maneno kwa sababu huko watu wa lugha tofauti wanalazimika kuelewana upesi. Tunduma ni mpaka.

8. Mapendekezo

Yafuatayo yanatolewa ili wasomaji wayajadili kabla hayajapelekwa katika kamati ya usanifishaji:

(a) Michezo ya roho moja: aina ya michezo ambayo mchezaji akifa huanza upya, katika ramani iliyopangwa upya.

(b) Mchezo wa zamu: mchezo ambao kila upande hungoja mwingine atende.

(c) Ramani nasibu, namba nasibu: ramani au namba ambayo kompyuta imeipanga bila mchezaji kuweza kuitabiri.

(d) Mbegu: namba ambayo hesabu za ramani nasibu huanzia.

(e) Machimbo: mahali pote pa mchezo palipo chini ya ardhi; duara: shimo moja katika machimbo hayo; kina: kila hatua ya kushuka.

(f) Giza: sehemu ya ramani ambayo mchezaji hajaifikia.

(g) Kubahatisha: neno hili lisitumike katika istilahi za programu, liachiwe sheria ya kamari.

Wafasiri wanaombwa wayapime maneno haya katika kazi zao na kutuletea mapungufu yake. Walimu wa hisabati wanaombwa watoe maoni hasa juu ya nasibu. Watumishi wa umma nao wana ombi lao: mwombaji akiandika neno linalotia shaka, aitwe aulizwe anamaanisha nini kabla hajajibiwa. Swali moja la dakika mbili lingewaokolea vijana wale miezi mitatu.

Barua ya pili imekwisha kuandikwa. Kichwa chake kinasema: "Kuomba chumba cha kufundishia uandishi wa programu za michezo ya simu." Maneno ya istilahi yamewekwa ndani, kila moja na maelezo yake. Wakati makala haya yanapelekwa mtamboni, jibu lilikuwa bado halijafika.